Likizo ya Gofu Kusini: Fimbo Zibaki Dar, Pesa Ziende Kilwa

Ukanda wa pwani unaoanzia Kilwa na kushuka hadi Lindi haufahamiki kwa viwanja vya gofu, na mpenzi wa mchezo huo anayetaka likizo ya gharama nafuu mahali pasipo na msongamano wa watalii hana budi kuigawa safari yake mara mbili. Mchezo umalizwe Dar es Salaam, katika uwanja wa Gymkhana au ule wa Lugalo ulio chini ya Jeshi la Wananchi, ambako asiye mwanachama hulipa ada ya uwanja, yaani malipo ya kucheza mzunguko mmoja, pamoja na ujira wa kedi anayembebea fimbo. Mapumziko yenyewe yafanyike kusini. Mgawanyo huo una mantiki ya kifedha, kwa kuwa uwanja wa mashimo 18 hudai eneo kubwa, maji mengi na watunza nyasi wa kudumu, na hoteli inayojenga uwanja wake yenyewe huirudisha gharama hiyo kwa mgeni kupitia bei ya chumba, acheze asicheze.

Unafuu wa kusini, hata hivyo, hautokani na ustadi wa kupatana bei kama wengi wanavyodhani. Gharama za safari ni za aina mbili: zile zinazohesabiwa kwa kichwa, kama nauli ya basi, kitanda na sahani ya wali, na zile zisizogawanyika, ambazo hulipwa kwa kiasi kilekile awe msafiri ni mmoja au ni sita, nazo ni kukodi boti, gari na mtembeza wageni. Wasafiri wengi hubana aina ya kwanza, wakala mihogo na kulala gesti isiyo na feni, kisha pesa yote waliyoiokoa ikamezwa na boti waliyoikodi peke yao. Kundi la watu wanne au watano lililopatana tangu Dar es Salaam huingia Kilwa likiwa limekwisha kulitatua tatizo kubwa.

Boti ndiyo kiini cha safari hii, kwa sababu kinachowavuta watu Kilwa kiko visiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kabla ya kuvuka mgeni hukata kibali Kilwa Masoko. Kisiwani ni karibu, na mashua ya tanga hutosha. Huko ndiko uliko Msikiti Mkuu uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na Husuni Kubwa, jumba la kisultani la mwanzoni mwa karne ya 14 lenye birika la kuogea la pembe nane, lililojengwa wakati dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu. Anayekwenda Songo Mnara huhitaji boti ya mashine, na hapo kalenda ya mwezi ina nguvu kuliko mkoba: maji yakiwa yamekupwa, boti husimama mbali na abiria hushuka na kutembea katika tope la mikoko, viatu mkononi, hivyo saa ya kuondoka ni ya kumuuliza nahodha.

Kuhusu majira, miezi ya masika, Machi hadi Mei, ndiyo yenye vyumba vya bei ya chini, lakini unafuu huo una hatari yake. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara katika eneo la Somanga, na njia hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kusini tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko cha Mto Rufiji. Juni hadi Oktoba ni kukavu, ingawa upepo wa kusi huweza kuichafua bahari. Asubuhi mapema hufaa zaidi kuvuka.

Kutoka Kilwa, basi hupatikana Nangurukuru kwenye njia panda, na Lindi hufikiwa siku hiyohiyo. Ndani ya Manispaa ya Lindi, mitaa ya kata kama Mtanda haimlazimu mgeni kutumia gari la kukodi, kwani bajaji na miguu hutosha, na kivuko cha kwenda Kitunda humvusha ghuba kwa nauli ya mwananchi. Chakula hapo ni samaki, wali wa nazi na, msimu ukiwadia, ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa kwa vidole, ikaliwa kwa chumvi na pilipili. Kaskazini-magharibi mwa mji kuna kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Barabara yake ni ngumu na gari la kukodi litalirudisha kundi kwenye gharama zisizogawanyika, tena mifupa yenyewe haipo. Anayetaka kumwona mmoja wa dinosaria hao amesimama, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, itambidi apange safari ya Berlin, na hiyo haina unafuu wowote.