Maji ya kisima yanavyoua injini ya lori

Wenye malori yanayopeleka mbolea Iringa kupitia Mlima Kitonga wanaijua hasara ya gari kuchemsha njiani. Chanzo kimojawapo ni maji ya kisima, ambayo huacha chokaa na kutu vinavyoziba rejeta.

Dawa ni usafi. Injini ikishapoa kabisa, mwaga maji machafu, suuza mpaka yatoke safi, kisha jaza kipoozeo anachoelekeza mtengenezaji wa gari. Cha zamani usikimwage ovyo. Ni sumu kwa mifugo. Kagua pia mipira na mfuniko, kwani mfuniko uliochoka hupunguza mgandamizo na maji huchemka mapema.

Rejeta ya moto isifunguliwe kamwe, mvuke huunguza. Kununua kipoozeo ni nafuu kuliko kununua silinda hedi.