Ukuta utenge vitu, si watu

Namna ya kugawa depo ya koperative bila kuipunguza

Mpunga wa msimu A ukiisha kuingia, kuko neno moja linarudi kila mara katika mikutano ya koperative zetu za Kasongo na Kabambare: depo tuigawe namna gani? Mara nyingi jibu limekwisha kutayarishwa mbele ya mkutano kuanza. Tupandishe kuta ndani, kila kikundi kipate chumba chake, kila chumba kiwe na kadena yake.

Sababu inaeleweka. Huku kwetu watu wengi wamekimbia vita mara moja, mara mbili, na waliporudi wakakuta mlango umevunjwa na mifuko hakuna. Wengine walipoteza mifuko bila vita yoyote: hesabu za depo hazikuwa wazi, basi. Mtu aliyepitia hayo, akitaka kulala na ufunguo wake chini ya mto, hatuwezi kumcheka.

Lakini baba na mama wakulima, mbele ya kuita fundi, tufanye hesabu kwanza.

Ukuta unakula nini?

Mifuko haiegemezwi ukutani. Kati ya lundo na ukuta tunaacha meta 1, ili hewa ipite, unyevu wa ukuta usiingie katika mifuko, na magazinie aweze kuzunguka akitafuta panya, mchwa na fukusi. Kwa hiyo kila ukuta mpya unaleta njia zake mbili, moja huku na moja kule. Watu wanafikiri ukuta unachukua upana wa tofali tu. Kumbe unachukua na meta 2 za sakafu.

Tuchukue mfano wa depo ya meta 12 kwa meta 8. Meta 4 za upande wa mlango tuziachie mapokezi, mizani, vitabu na mbegu. Inabaki sehemu moja ya meta 8 kwa meta 8 ya kuweka mpunga.

Bila ukuta ndani: ukiacha meta 1 pande zote, inabaki meta 6 kwa meta 6. Katikati acha njia ya meta 1. Unapata malundo 2, kila moja meta 6 kwa meta 2 na nusu, jumla meta mraba 30. Ukipandisha mifuko mpaka meta 2 na nusu, ni meta kibu 75. Tani 1 ya mpunga katika mifuko inaomba karibu meta kibu 2. Basi unaweka tani 37 na nusu, ni kusema mifuko 375 ya kilo 100.

Sasa gawa sehemu ile ile kwa kuta 2 zilizopishana sawa msalaba. Unapata vyumba 4 vya meta 4 kwa meta 4, na unene wa ukuta tusiuhesabu. Katika kila chumba, ukiacha meta 1 pande zote, inabaki meta 2 kwa meta 2. Ni meta mraba 4 tu. Mara 4, ni 16. Kwa urefu ule ule unapata meta kibu 40: tani 20, mifuko 200.

Mifuko 175 imekosa mahali. Na bado tumehesabu vizuri sana, maana lundo dogo la meta 2 kwa meta 2 halipandi salama mpaka meta 2 na nusu. Linaweza kumwangukia mtu. Tena vyumba 2 vya nyuma havina mlango wa nje: ama utoboe ukuta wa depo, ama watu wa nyuma wapite kila siku katika chumba cha wenzao. Hapo ugomvi uliotaka kuukimbia umeuingiza ndani.

Kuko na hasara nyingine, ya soko. Koperative iliungana ili iuze pamoja. Mfanyabiashara akija na kamio anataka kuona lundo moja la mpunga wa namna moja, apime, alipe, aondoke. Barabara zetu tunazijua: kamio ikifika, haingoji mpaka watu 4 wenye funguo 4 watafutwe mashambani.

Kuta zinazolipa

Hatusemi depo isigawanywe. Kuko vitu visivyopaswa kukaa pamoja hata siku moja, na hapo ukuta ni lazima.

Cha kwanza ni dawa za shamba, mazuti na esansi. Hivi visikae ndani ya depo ya chakula. Vijengewe nyumba ndogo pembeni, mbali na kisima na mto, yenye sakafu ya simenti, kadena, na alama ya hatari hata kwa asiyejua kusoma. Kama koperative haina namna kwa sasa, basi chumba chao kiwe na ukuta wa matofali unaofika mpaka juu kwenye tole, bila tundu hata moja la kupitia upande wa chakula, na mlango wake ufungukie nje. Mapipa na bido za dawa zikiisha, zitobolewe. Zisitumike tena kwa mawese wala maji. Mwezi wa 7 mwaka 2013, katika jimbo la Bihar huko India, watoto 23 wa shule moja walikufa kisha kula chakula cha mchana. Uchunguzi ulikuta dawa ya wadudu, monokrotofosi, katika mafuta ya kupikia. Bido moja inatosha kuleta msiba wa kijiji kizima.

Cha pili ni mbegu. Mfuko wa NERICA ukilala karibu na mpunga wa kula, siku moja utapasuka, mtu atazoa kwa ufagio, na mbegu safi imekwisha kuchanganyika. Koperative inayotaka mbegu yake ikubaliwe na SENASEM inahitaji chumba cha mbegu peke yake, kikavu, chenye kivuli na kisicho na joto. Tena mbegu iliyotiwa dawa ni sumu: isionekane kabisa karibu na chakula. Katika mfano wetu, chumba cha meta 4 kwa meta 4 kinatosha kuanza.

Cha tatu ni mapokezi. Mfuko unaotoka shambani usipite moja kwa moja mpaka kwenye lundo. Uwekwe kwanza mbele, upimwe, uangaliwe kama umekauka. Mpunga uwe na unyevu wa asilimia 14 ao chini yake, mahindi asilimia 13, kalanga zilizomenywa asilimia 7. Asiye na mashine achukue chupa kavu, atie nafaka kidogo na chumvi kavu, atikise vizuri. Chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado ina maji mengi: irudi juu ya bashi, kwenye jua. Ukuta huu wa mapokezi ndio unaozuia kuvu isiingie. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi yalishika kuvu yenye sumu ya aflatoksini: watu 317 waligonjwa, na 125 kati yao wakafa. Na sisi, kwa kalanga na mahindi yetu, hatari ni ile ile.

Matofali, mbao ao bashi?

Ukuta wa matofali ya kuchoma ndio mzuri kwa dawa na mbegu. Lakini usijengwe tu juu ya sakafu iliyokuwako. Fundi apasue sakafu, aweke msingi, aunge ukuta mpya na wa zamani kwa meno ya matofali, na kama ukuta ni mwembamba asimamishe nguzo kila meta 3. Tena tuseme wazi: ukuta wa kugawa haukufanywa kushikilia mifuko. Mifuko ikiusukuma, utaanguka, na mara nyingi unaanguka upande ambako watu wanapita.

Matofali mabichi yanaweza kusaidia mahali pakavu, yakikaa juu ya mistari 2 ao 3 ya matofali ya kuchoma, sababu tofali bichi linavuta maji ya chini. Ukuta wowote upigwe lipu laini na kupakwa chokaa. Chokaa si ya urembo. Kwenye ukuta mweupe unaona mara moja njia ya mchwa na alama ya maji, na lipu laini inawanyima fukusi nyufa za kujificha.

Mbao ni nyepesi na zinajengwa upesi: shevro, planshi ao tripleksi. Lakini tusipige planshi pande 2 na kuacha uwazi katikati. Uwazi ule ni nyumba ya panya. Utawasikia usiku, hutawashika. Planshi ziwe upande mmoja tu, juu ya matofali ili mchwa wasipande kirahisi. Mahali pa kutenga bila kuzuia hewa, kama kati ya mapokezi na lundo, grilaji juu ya shevro ni bora kuliko planshi: hewa inapita, mwanga unapita, na kila mtu anaona kilicho ndani. Kama ni kuzuia panya, matundu yawe madogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho.

Kwa msimu mmoja, hata bashi lililofungwa juu ya fremu ya miti linatenga vizuri kalanga na mpunga. Mavuno yakiisha, linakunjwa na depo inarudi kuwa moja. Katika sehemu kubwa ya nafaka, kizuizi kinachoweza kuondolewa kinatufaa kuliko cha simenti, maana mavuno ya mwaka huu si ya mwaka ujao.

Mbele ya kukata lolote, mtazame madirisha. Ukuta mpya unaweza kuzimisha chumba. Chumba bila hewa kinashika joto mchana, na usiku maji yanatonya kutoka chini ya tole juu ya mifuko. Kila chumba cha nafaka kipate matundu 2 yanayotazamana, yenye grilaji.

Mlinzi asilale nyuma ya ukuta

Hili tunaliomba kwa nguvu. Katika depo nyingi, kipande kimoja hutengwa kwa planshi ili mlinzi alale humo. Siku ile fukusi zinapofukuzwa kwa vidonge vya fosfini, planshi ile haimkingi mtu. Vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi, na gesi inapita katika ufa, chini ya mlango, juu ya ukuta usiofika kwenye tole. Inaua mtu usingizini. Hata ukuta wa matofali wenye ufa mdogo haukingi. Kibanda cha mlinzi kiwe nje ya depo, na vidonge vitumiwe tu na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, lundo likifunikwa vizuri na depo ikiwa imefungwa bila mtu ndani wala jirani nayo.

Ufa uko wapi?

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Koperative inayotaka vyumba 4 na kadena 4 mara nyingi ina ufa katika vitabu vyake. Watu hawajui nani aliingiza nini, wala nani alitoa nini. Tuzibe hapo.

Kwanza, kila kikundi kipate mahali pake kwa rangi. Pigeni mistari ya rangi chini, lundo la kikundi liwe na namba yake, na mifuko iwe na alama. Mistari haichukui hata mfuko mmoja.

Pili, kila lundo liwe na fishi inayoning'inia palepale: tarehe, mifuko iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na sahihi 2. Memba yeyote aweze kuisoma bila kuomba ruhusa. Sheria ya OHADA ya tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, inayoongoza koperative zetu tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, inataka hesabu za koperative zionyeshwe mbele ya mkutano mkuu. Fishi ndiyo mwanzo wa hesabu hizo.

Tatu, mlango 1, kadena 3: moja ya prezida, moja ya magazinie, moja ya memba aliyechaguliwa na vikundi. Hakuna anayeingia peke yake. Msaidizi wa kila mmoja aandikwe katika kitabu cha mkutano, ili ugonjwa ao safari isifunge depo.

Nne, mara 1 kwa mwezi mifuko ihesabiwe mbele ya wajumbe wa vikundi, na jumla isomwe kwa sauti.

Na kuhusu vita? Mwenye bunduki haulizi kadena ni ya kikundi gani. Kinachopunguza hasara ni kutoweka mavuno yote mahali pamoja, na kutokawia kuuza pale bei inapokuwa nzuri. Vyumba 4 chini ya tole moja ni mahali pamoja tu.

Kazi ya kujenga inafaa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, depo ikiwa karibu tupu na simenti ikikauka vizuri. Lakini kupima kunaweza kufanywa hata wiki hii. Chukueni kamba na majivu, mchore chini kila ukuta mnaofikiria, na njia yake ya meta 1 kila upande. Kisha wanaume 2 wapite humo na mfuko kichwani, na magazinie ahesabu mifuko mingapi inaingia. Majivu yanafutika kwa ufagio. Ukuta wa simenti, mtabaki nao.