MIZANI YA BARABARA YA LAMI



Kila mchuma chai anaijua mizani ya karani. Isipojaribiwa kwa jiwe lenye uzito unaojulikana, kilo zinapotea. Barabara ya lami nayo ina mizani yake, ila iko kwenye karatasi: ni hesabu wanayotumia mainjinia kukisia lami itadumu miaka mingapi. Na mizani hiyo haikutengenezwa kwetu.

Asili ya nyingi ya hesabu hizi ni Marekani. Kuanzia 1958 hadi 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, askari waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio, ekseli zikapita mara 1,114,000. Lililoonekana huko latuhusu sana: uzito ukipanda kidogo, madhara yanaruka. Mzigo wa ekseli ukiwa maradufu, barabara inaumia kama mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Pakia tani 12, na madhara yamekuwa mara mbili. Kwa tani 2 tu!

Lakini Illinois kuna baridi inayogandisha ardhi, na jaribio lilifanywa juu ya udongo wa aina moja. Kwetu kuna udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, tena jua linakausha lami mpaka nyufa zinaanzia juu. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachunguzi wa Uingereza, wakishirikiana na Benki ya Dunia, walipima barabara za Kenya zilivyokuwa zikichakaa zenyewe. Taarifa zao zilitoka 1975.

Kurekebisha hesabu si uchawi. Vinachaguliwa vipande vya barabara, na kila mwaka zinapimwa nyufa, mifereji ya magurudumu na jinsi gari linavyotikisika. Tuseme hesabu ilitaja nyufa mwaka wa 8, nazo zikatokea mwaka wa 4. Basi miaka ya hesabu inazidishwa kwa 0.5. Ugumu uko katika kupata namba za kweli, hasa za uzito.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Anayejua uzito ni mpakiaji na dereva. Karatasi ikiandikwa tani 26 na lori limebeba 34, injinia ataona barabara imekufa mapema, ataulaumu udongo, na barabara ijayo itajengwa kwa hesabu ya uongo. Wakati huo majani mabichi yanachemka ndani ya lori lililokwama, na kiwanda kinasubiri.

Wachunguzi wakija kuhesabu magari na kuuliza mizigo, waambiwe uzito wenyewe. Lakini kwanza viongozi wa matawi wadai ahadi ya maandishi kwamba majibu hayo hayatatumiwa kumtoza dereva faini. Aliyeamuru lori lijazwe kupita kiasi mara nyingi yuko ofisini.