Nakshi ya Keki: Msamiati Uliomo Jikoni

Aokaye keki ya jamaa zake nyumbani aghalabu hufanya kazi yote kwa Kiswahili, lakini afikapo kwenye mapambo ulimi humhamia Kiingereza. Makala haya yanahoji kuwa hapana haja ya kuhama.

Tuanze na mkate wa mayai wa Mwambao. Mayai na sukari hupigwa mpaka viwe vyeupe na vizito, unga na iliki vikatiwa taratibu, kisha makaa yakapangwa chini ya sufuria na juu ya kifuniko. Hewa iliyonaswa katika mayai ndiyo inayouumua, hamira haihitajiki. Hiyo ni keki kwa kila hali isipokuwa jina.

Ama mapambo, tazama kifaa chenyewe: karatasi au plastiki iliyokunjwa, pana juu, nyembamba chini, ncha ikakatwa kidogo. Mchora hina hutumia kifaa hichohicho! Maua, majani, vikonyo na nukta anazomchora bibi harusi Mombasa ndizo azichorazo mama kwa aisingi juu ya keki ya mwanawe. Ukingo nao ni nakshi, neno walilolizoea mafundi wa milango ya Lamu. Aisingi yenyewe tuiache ilivyo. Kuiita "barafu" ni kutafsiri neno la Kiingereza, si kukitaja kitu, maana ni sukari iliyopigwa pamoja na siagi au ute wa yai.

Pengo halisi ni lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati na kuvishwa keki nzima. Waokaji huliita fondanti, nami sioni sababu ya kuwapinga.