Mpiga Kinanda cha Mdomo wa Nashville

Wako watu wadhanio ya kwamba muziki wa kantri wa Marekani ni mali ya wazungu wavaa kofia pana, na ya kwamba mtu mweusi hana fungu humo. Sisi hatuafikiani nao. Banjo, ambayo bila yake nyimbo hizo zisingekuwa kama zilivyo, ilitokana na vyombo vya watumwa waliotoka Afrika. Tena, katika siku za mwanzo za redio ya WSM mjini Nashville, mmoja wa wapigaji waliopendwa mno alikuwa mweusi, jina lake DeFord Bailey.

Alizaliwa Tennessee mwaka 1899. Utotoni alipatwa na ugonjwa wa polio, akalala kitandani muda mrefu, na kimo chake hakikuendelea. Mwenziwe wa kitandani alikuwa kinanda cha mdomo. Kwa kinanda hicho alijifunza kuiga mbwa wa kuwinda, na zaidi ya yote garimoshi.

Usiku mmoja mwaka 1927 redio hiyo ilipokea kutoka New York muziki wa kitaalamu wa mabwana wakubwa. Ulipokwisha, mtangazaji George D. Hay alimwita Bailey apige wimbo wake wa garimoshi, "Pan American Blues". Kisha Hay akasema kwa mzaha ya kwamba watu wamekwisha sikiliza opera tukufu, basi sasa wasikilize "Grand Ole Opry". Jina hilo la utani likakishika kipindi, nacho chaendelea hata leo.

Aliposafiri na wazungu kama Roy Acuff na Bill Monroe, umati ulimshangilia jukwaani, lakini hoteli zilimfungia milango kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1941 akaachishwa kazi. Wakati huo redio zilikuwa zikigombana na chama cha watunzi, ASCAP, juu ya malipo ya nyimbo, na nyimbo nyingi za Bailey zilikuwa mikononi mwa chama hicho. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa. Aliyepoteza riziki ni yeye. Mwaka 1945 Hay aliandika katika kitabu chake ya kwamba Bailey alikuwa mvivu, hakujifunza nyimbo mpya.

Mvivu! Wafanya kazi wenzetu walijua neno hilo. Wazee waliokata mkonge Tanga walilisikia kwa wenye mashamba, tangu alfajiri hata jua kuchwa, migongo yao ikiwa imeinama. Na huyu "mvivu" wa Nashville, aliyeitumikia redio miaka 15, aliinamia viatu vya watu katika duka lake la kung'arisha viatu, miaka mingi, bila kumwomba mtu senti.

Alifariki mwaka 1982. Katika orodha ya heshima ya magwiji wa kantri, Acuff aliingizwa mwaka 1962, na Hay mwaka 1966, wote wawili wakiwa hai. Bailey aliingizwa mwaka 2005.