Ruaha: Migunga Inapokutana na Miombo

Ikitajwa mbuga, akili za wengi hukimbilia Serengeti na Ngorongoro. Sina ugomvi nazo. Ila aliyezoea tambarare za kaskazini, akifika Iringa na kuongeza kilomita 130 hivi hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, atakuta nchi nyingine kabisa: vilima vya mawe, mibuyu iliyochubuliwa magome na tembo, na mto wenye viboko na mamba.

Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1964, imekaa mpakani. Migunga na vichaka vikavu vya Afrika Mashariki hukutana hapa na misitu ya miombo inayoenea hadi Zambia na Zimbabwe. Ndiyo maana tandala mkubwa na tandala mdogo wote wamo, na palahala na korongo pia. Hao wawili wa mwisho usiwatarajie ukiganda kando ya mto. Makazi yao ni miombo, ambako wageni wengi hawafiki.

Msimu wa kwenda ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Nenda Mwagusi, mto ambao wakati huo ni mchanga mtupu. Tembo hupiga mchanga kwa mguu wa mbele, akauchota kwa mkonga, shimo likazidi kuzama. Maji ya kwanza ni tope, hayanywi. Husubiri yajichuje. Akishaondoka, nyani waliokuwa wakimvizia kwa mbali hujongea shimoni. Kwangu mimi, hilo lamshinda simba aliyelala kivulini.

Mto wenyewe, Ruaha Mkuu, zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 hukatika kiangazi, kwa sababu maji mengi huishia kwenye mashamba ya mpunga huko juu, bonde la Usangu. Viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyosalia. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliingizwa hifadhini ili kuunusuru mto, na wafugaji wakahamishwa. Manung'uniko ya ardhi hayajaisha hadi leo. Maji hayo hayo ndiyo yanayokwenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, kwa hiyo tembo si mdai pekee.

Ukienda, beba kitambulisho: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali. Na nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, maana ndizo zinazowavuta mbung'o.