Mguu wa Bandia, Gango na Nyonga: Neno Moja kwa Vitu Vitatu

Mtu akiuliza viungo katika maduka ya Mji Mkongwe, ataoneshwa mdalasini, iliki na pilipili manga. Akilitaja neno hilo hilo mbele ya daktari wa Mnazi Mmoja, ataulizwa ni kiungo gani cha mwili kinachomuuma. Na daktari wa mifupa akisema kiungo, huenda amekusudia pale mifupa miwili inapokutana, kama vile gotini au nyongani. Katika mazungumzo mambo haya hayatatizi, maana mahali na msemaji humfasiria msikilizaji. Lakini hati haina mkono wa kuonyeshea. Ndiyo maana tumeona haja ya kulijadili neno kiungo bandia, ambalo limeenea katika zabuni, ankara, fomu za forodha na maelezo wanayopewa wagonjwa.

Neno hilo limebebeshwa vitu vitatu. Cha kwanza ni kile kinachoshika nafasi ya sehemu ya mwili iliyokatwa, au ambayo mtu hakuzaliwa nayo. Cha pili ni kifaa kinachofungwa juu ya kiungo ambacho mtu angali nacho, ili kukishikilia, kukinyoosha au kukipunguzia uzito. Cha tatu ni kipande cha chuma na plastiki ambacho mpasuaji hukiweka ndani ya mwili, mahali pa nyonga au goti lililoharibika. Shirika la Kimataifa la Viwango lilikwisha kutenganisha cha kwanza na cha pili katika msamiati wake wa mwaka 1989. Forodha nazo hutenganisha vyote. Katika orodha ya bidhaa inayofuatwa duniani, vitu hivi vimo chini ya kichwa 9021. Lakini vifaa vya kushikilia viungo pamoja na vya mifupa iliyovunjika ni 9021.10, maungio ya kuwekwa mwilini ni 9021.31, na miguu na mikono ya bandia huangukia 9021.39. Karani wa forodha katika bandari ya Malindi akiletewa hati iliyoandikwa "viungo bandia, makasha manne", aandike namba ipi? Anayo haki hata ya kuuliza kama ni mdalasini wa kughushi.

Swali hilo la mwisho si mzaha mtupu. Bandia kwa asili ni mwanasesere, na kutoka hapo neno likapata maana ya kitu kisicho cha asili: meno ya bandia, nywele za bandia. Siku hizi limechukua pia maana ya udanganyifu, na msomaji wa magazeti hukutana na noti bandia na dawa bandia, ambazo ni mambo ya polisi. Kuna waliopendekeza neno bandia liachwe kabisa katika uwanja huu. Sisi hatuoni sababu ya kumnyang'anya mtu wa kawaida neno analolijua. Ila tunashauri kiunganishi kihifadhiwe: mguu wa bandia, kama wasemavyo wenyeji, si mguu bandia. Tofauti ni ndogo, lakini sikio la Kiunguja huisikia.

Kosa la pili latokana na kutoijua biashara yenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba mguu wa bandia huuzwa mzima kama kiatu. Sivyo. Otto Bock alipoanzisha kampuni yake Berlin mwaka 1919, majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wengi kupita uwezo wa mafundi waliokuwa wakichonga kila mguu peke yake. Yeye akaanza kutengeneza vipande kwa wingi kiwandani, na mafundi wakawa wanaviunganisha. Biashara ya leo ingali imesimama juu ya msingi huo. Kampuni hiyo ya Ujerumani, pamoja na Össur ya Iceland iliyoanzishwa mwaka 1971, huuza nyayo, magoti, mabomba na vishikizo. Kinachobaki kutengenezwa papo hapo alipo mgonjwa ni kikombe, yaani sehemu ambamo mabaki ya mguu huingia, kwa kuwa hufuata umbo la mtu mmoja tu, lililochukuliwa kwa plasta.

Hivyo ofisa anayeagiza "miguu bandia 20" hajaagiza kitu. Muuzaji atamwuliza: nyayo za kulia au za kushoto? Za sentimita ngapi? Atakayevaa ana uzito gani? Amekatwa chini ya goti au juu yake? Hayo mabaki ya mguu nayo yana jina lake la zamani, gutu, na hatuna budi kulitumia. Mfasiri anayeandika kisiki amefuata Kiingereza. Kwetu kisiki ni cha mti, na mgonjwa hastahili kuitwa hivyo.

Aina ya unyayo nayo isipuuzwe. Ule wa Jaipur, uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960, ni wa mpira, nao ulikusudiwa mtu anayetembea bila viatu, anayechuchumaa na kuketi chini. Kwa kisiwa ambacho watu huvua viatu mlangoni pa msikiti na kula juu ya mkeka, sifa hizo si za anasa, na yafaa ziandikwe katika zabuni.

Tumebakiwa na kile kitu cha pili, na hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Tuchukue mama wa Makunduchi mwenye mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Mtoto amefungwa plasta wiki kadhaa, nyayo zimenyooka, na sasa yampasa avae kifaa cha kuzizuia zisirudi: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha wakati wa kulala hadi afikie miaka minne au mitano. Mama akiambiwa kuwa mwanawe atapewa "kiungo bandia", ataelewa nini ila kwamba mguu utakatwa? Asiporudi tena hospitali, nyayo zitapinda upya, na kosa halikuwa lake.

Kifaa saidizi hakitoshi, kwa kuwa hukusanya pia fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu na kifaa cha kusikilizia. Banzi ni la muda, la mfupa uliovunjika. Tunapendekeza gango. Limetokana na kitenzi ganga, ambacho maana yake ni kuunga na kuimarisha kabla ya kuwa kutibu, na ambacho kingali hai katika methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tutapata gango la unyayo, gango la goti, gango la mgongo. Wapo watakaosema ni neno la mafundi seremala. Ni kweli, na kazi yake kwao ni hiyo hiyo ya kushikilia. Tunaomba tu lisichanganywe na kigango, ambacho kwa Wakatoliki na kwa Wamijikenda ni mambo mengine kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohitaji miguu na mikono ya bandia au magango ni watu kati ya milioni 35 na 40, na mmoja tu katika kila kumi ndiye anayevipata. Mafundi wetu husomea kazi hii Moshi, katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, nao husoma kwa Kiingereza. Wakirudi Unguja, kila mmoja hujitungia Kiswahili chake mbele ya mgonjwa.

Kuhusu kitu cha tatu, twashauri kiitwe kwa jina la mahali pake na kazi ya mpasuaji: nyonga ya kupandikizwa, goti la kupandikizwa. Goti la bandia libaki kuwa lile la mguu wa bandia. Kwa hiyo ofisa wetu wa zabuni ataandika: nyayo za bandia za kulia, sentimita 25, kumi na mbili, magoti ya bandia, manne, magango ya unyayo ya watoto, jozi thelathini.